Fame ni nzuri, ila ukumbi ule umeniudhi

Maiki ya Carmen ilizima katikati ya wimbo wake mzito kuliko yote, na hakuna aliyejali.

Aliyeiona Fame, ile tamthilia ya muziki kuhusu wanafunzi wa shule ya sanaa New York, anajua nazungumzia wapi. Carmen Diaz ameacha shule akafuata ahadi za unyota Los Angeles, sasa karudi New York amechakaa kwa dawa za kulevya, na bado anamwambia Schlomo, mwanafunzi mwenzake wa zamani, kwamba kule mambo ni mazuri. Ndani ya wimbo huo ndipo uongo unamshinda. Usipousikia, habari za kifo chake kwenye mahafali zinakupita tu.

Sisi tuliokaa juu tuliona mdomo unafunguka, ngoma na kinanda vimemfunika kabisa. Nikatoka kumwambia mhudumu wa mlangoni, kwa upole, kwamba hatumsikii. Hata usoni hakunitazama. "Ndivyo onyesho lilivyo, rudi ukakae." Ndivyo lilivyo! Kichwa hakukigeuza hata kuangalia jukwaani.

Na hii ni tamthilia ambayo tangu wimbo wa kwanza inawaambia wanafunzi wale wa shule ya Mtaa wa 46 kwamba kipaji bila jasho si kitu! Fundi wa sauti na mhudumu yule wangeingia darasa la Miss Sherman, yule mwalimu wa Kiingereza, wasingemaliza muhula.

Nilishaamua kuipa nyota moja. Lakini kuwaadhibu wasanii kwa kosa lisilo lao ni dhuluma. Tyrone, yule mwanafunzi wa dansi, alicheza kama mtu anayedai haki yake, na Miss Sherman, yule yule anayegombana na Miss Bell, mwalimu wa dansi, kwa sababu Tyrone hajui kusoma, aliposimama peke yake kuimba kwamba "hawa ni wanangu", binti wa dada yangu, ambaye naye anasomea dansi huku Uingereza, alinikamata mkono hakuuachia. Kwa dakika zile ningetoa zote tano. Basi ziwe nne.

Ila kwenye kuaga, ulipopigwa wimbo Fame wenyewe, ule wa filamu ya 1980 uliotwaa Oscar, Carmen akatokea tena na maiki yake nzima, inavuma ukumbi mzima. Kumbe walijua! Walijua, wakaitengeneza, na hakuna aliyetoka kutuomba radhi.

Mbili. Zote mbili za wasanii. Ukumbi unirudishie pesa yangu.