Enigma Variations ya Elgar: Rekodi Tano, na Ipi ya Kuanza Nayo

Karibuni, watazamaji wapenzi. Leo tunazilinganisha rekodi tano za kazi moja ya okestra, nayo ni Enigma Variations ya mtunzi Mwingereza Edward Elgar, iliyopigwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini London tarehe 19 Juni 1899 chini ya uongozi wa Hans Richter. Rekodi zenyewe ni ile aliyoiongoza Elgar mwenyewe mwaka 1926, ya Pierre Monteux ya 1958, ya John Barbirolli ya 1962, ya Adrian Boult ya 1970, na ya Leonard Bernstein ya 1982. Sitazipa alama, kwa sababu mshindi wa alama huwa ni rekodi isiyomuudhi mtu yeyote, na rekodi ya namna hiyo mara nyingi haina la kusema.

Kwa wanaokutana na kazi hii kwa mara ya kwanza, muundo wake ni rahisi kuufuata. Kuna wimbo mmoja mfupi wenye huzuni kidogo, kisha zinafuata sura kumi na nne, na kila sura inamchora mtu mmoja wa karibu na mtunzi: mkewe, marafiki zake, na mwishoni yeye mwenyewe. Yumo mpiga ogani wa Hereford, ingawa Elgar alisema kwamba anayesikika hasa ni Dan, mbwa wa mpiga ogani huyo, aliyetumbukia mto Wye, akaogelea kwa juhudi na kutoka akibweka. Yumo pia Troyte Griffith, msanifu majengo ambaye majaribio yake ya kujifunza piano yanachekwa kwa timpani, ngoma kubwa za okestra, zinazogonga kama mtu asiyejua vidole vyake viko wapi. Kipimo changu leo kinatokana na hilo: rekodi nzuri ni ile ambayo ukiisikiliza unaona watu wengi, kila mmoja na mwendo wake, badala ya kungojea tu sura ile moja maarufu.

Sura hiyo, bila shaka, ni ya tisa, Nimrod, na hapa ndipo wanamuziki wanapoachana njia. Anayechorwa ni Augustus Jaeger, Mjerumani aliyefanya kazi katika kampuni ya Novello iliyochapisha kazi za Elgar, rafiki aliyemtia moyo mtunzi huyu nyakati za kukata tamaa. Kwa maelezo ya Elgar, sura hii inakumbuka mazungumzo yao kuhusu uzuri wa mtunzi Beethoven katika sehemu zake za mwendo wa polepole. Ni maongezi ya marafiki wawili, na Jaeger alikuwa hai alipoandikiwa. Lakini kwa miaka mingi Waingereza wamekuwa wakiipiga Nimrod kwenye mnara wa Cenotaph siku ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani, na desturi hiyo imeuvuta muziki huu taratibu hadi ukawa wa msibani. Nota zilizochapishwa zinataka mapigo 52 kwa dakika. Ukiufuata mwendo huo, sura nzima inamalizika katika muda wa dakika mbili na nusu hivi.

Elgar mwenyewe, akiiongoza Royal Albert Hall Orchestra mwaka 1926, hafiki dakika tatu. Bernstein, akiwa na okestra ya BBC, anapita dakika tano. Sina ugomvi na kondakta anayechukua uhuru, na nakiri kwamba nyuzi za okestra ile zinashikilia sauti kwa namna ya ajabu, hasa pale wimbo unaporudi ukiwa umezungukwa na ala za shaba. Hata hivyo, kwa mwendo ule sentensi ya muziki inakatika. Sikio linasahau ilikoanzia kabla haijafika iendako, na rafiki aliyekuwa akizungumza nasi anageuka kuwa sanamu. Tatizo haliishii hapo. Sura inayofuata, ya binti mcheshi ambaye Elgar alimwita Dorabella, inahitaji kuingia kama mtu anayefungua mlango akitabasamu, na baada ya ibada ndefu kiasi hicho anaonekana kama amekosea nyumba.

Wengi wataniambia kwamba rekodi ya mwaka 1926 ni ya kale mno kwa sikio la leo. Ni kweli kuna mkwaruzo wa santuri, na ala za chini hazisikiki kwa unene wake. Lakini tukumbuke kwamba maikrofoni za umeme zilikuwa zimeingia katika kazi ya kurekodi mwaka mmoja tu uliotangulia. Kabla ya hapo wapigaji walijibana mbele ya pembe ya kunasia sauti, na okestra kamili haikuweza kunaswa ipasavyo. Kwa hiyo tunachokisikia hapa ni mtunzi akiieleza kazi yake mwenyewe, ndani ya Queen's Hall, jumba lililoteketezwa na mabomu mwaka 1941. Sikilizeni jinsi wapiga fidla wanavyotelezesha kidole juu ya waya kutoka nota moja hadi nyingine, mtindo ambao baadaye okestra ziliuacha kwa kuuona haya. Sikilizeni pia jinsi Elgar anavyokaza na kulegeza mwendo ndani ya sentensi moja, wakati makondakta wengi wanaodai kumheshimu wanapiga sawasawa kama saa ya ukutani. Baadhi ya sura za haraka zinakimbia hadi wapigaji wanaelekea kujikwaa, na yeye haonekani kujali.

Monteux ndiye aliyenishangaza zaidi. Huyu ni Mfaransa, kondakta yuleyule aliyesimama mbele ya okestra mjini Paris mwaka 1913 siku kazi ya Stravinsky, The Rite of Spring, ilipozua ghasia ukumbini, na alipoirekodi kazi hii ya Elgar na London Symphony Orchestra alikuwa na umri wa miaka 83. Hamna uzito wa umri hata kidogo. Anaanza Nimrod kwa sauti ndogo sana, kama alivyoagiza mtunzi, kiasi kwamba mwenye simu na spika yake ndogo atadhani muziki umekatika. Kisha anaijenga bila kuiburuta, na kilele kinapofika hakikai, kinashuka mara moja. Troyte wake ana fujo inayostahili, Dorabella wake ni mwepesi, na ala za kupuliza zinasikika kila moja kwa jina lake.

Barbirolli, katika rekodi yake na okestra ya Philharmonia, ana joto ambalo Monteux halitafuti. Alianza maisha yake ya muziki akiwa mpiga selo, ala kubwa ya jamii ya fidla yenye sauti nene, na jambo hilo linasikika katika sura ya kumi na mbili, inayomchora Basil Nevinson, rafiki aliyependa kupiga selo: wimbo unaachiwa uvute pumzi kana kwamba kondakta ametamani kuushika upinde mwenyewe. Mara nyingine anazidisha utamu, na asiyependa muziki unaokumbatia atachoka.

Boult alimfahamu Elgar, na mtunzi aliuamini mkono wake. Alipoirekodi kazi hii mwaka 1970 na London Symphony Orchestra alikuwa amevuka miaka 80, na alishikilia kuwaketisha wapiga fidla wa kwanza kushoto na wa pili kulia, kama ilivyokuwa enzi za Elgar. Vaeni vipokea sauti vya masikioni mtaelewa faida yake: makundi hayo mawili yanajibizana kutoka sikio hili hadi lile. Hisia zake zimetulia mno kwa ladha yangu, hasa katika sura ya kumi na tatu, ambapo klarineti inanong'ona wimbo wa mtunzi Mendelssohn juu ya mngurumo wa timpani unaoigiza injini ya meli baharini. Barbirolli ananifanya nimwonee huruma abiria, Boult ananionyesha meli tu.

Anayetaka rekodi moja pekee achukue ya Monteux, na akishaizoea aende kwa Elgar. Ya Bernstein naiweka mwisho, kwa anayezijua nyingine tayari. Kabla ya kuanza, fungueni mipangilio ya programu mnayotumia na muondoe kimya kinachowekwa kati ya wimbo na wimbo. Mwishoni mwa sura ya nane fidla za kwanza zinabaki na nota moja tu, na juu ya nota hiyo Nimrod inaingia. Programu ikiikata hapo, Monteux, Boult na Elgar wote mtakuwa mmewasikia vibaya.