Paili za zege Mikocheni: nguzo nzuri, dharau nyingi

Ukitaka kunisikia nikipandisha sauti, nitajie ile kampuni iliyonipigilia paili, zile nguzo za msingi zinazopigiliwa ardhini kwa nyundo, za nyumba yangu Mikocheni.

Siku ya kwanza nguzo ilizama kama mwiko kwenye uji. Kila nyundo ikipiga, inashuka. Msimamizi wao akatangaza: "Mama, hapa hapajashika. Tunaunga kipande kingine, na kila kipande kina bei yake." Injinia wangu, kijana mpole, akamwambia, "Kaka, huu ni mfinyanzi laini. Ukiupiga, maji ya ndani yanabanwa na udongo unalegea. Tuuache upumzike, maji yapungue, ndipo turudie kupiga." Jamaa hata hakumtazama. Akanigeukia mimi: "Huyu dogo bado anasoma. Mama, unataka nyumba au unataka darasa?" Mbele ya vibarua wangu!

Nikagoma kulipia kipande cha kuunga. Wakaondoka, wakaniachia bili ya mashine kukaa bure.

Waliporudi baada ya wiki kadhaa, injinia alichora mstari wa chaki nyekundu kwenye nguzo. Nyundo ikapiga, ikapiga tena, mstari haukusogea hata unene wa kidole. Kumbe fedha yangu ilikuwa inakwenda kuzikwa ardhini bila sababu! Samahani sikuipata mpaka leo.

Haki yao niwape: zege lao limeshiba, na hakuna kichwa cha nguzo kilichopasuka. Tulipopima kwa jeki, kwa mzigo mara 1.5 ya ule nguzo itakaobeba, ilishuka milimita chache tu, na mzigo ulipoondolewa ikapanda karibu yote. Kwa hapo nilitaka kuwasifu kwa moyo wote.

Lakini kifusi! Walinishauri niinue kiwanja kwa kifusi kirefu baada ya kupigilia, na hawakusema neno kwamba uzito wa kifusi unaudidimiza mfinyanzi, nao mfinyanzi ukishuka unazivuta nguzo chini. Yaani nguzo inabeba nyumba, halafu inabebeshwa na udongo. Yule yule "dogo" ndiye aliyepunguza kifusi na kuuingiza mzigo huo kwenye hesabu. Wangenyamaza hivyo hivyo kwa mjane asiye na injinia?

Nguzo zao ningenunua tena, labda. Kupigilia wapigilie wengine. Na yule msimamizi akija nazo getini kwangu, lori ligeuze na mzigo wake.