Sarafu ya Bechtler niliyouziwa: dhahabu nzuri, muuzaji hapana

Ni siku nyingi sasa tangu ninunue sarafu hii katika duka moja huku North Carolina, ilikuwa wakati wa baridi, na mpaka leo sijapoa.

Marehemu baba yangu alikuwa sonara Lamu. Nimekulia miguuni pake, nikimshikia taa anapolehemu. Kwa hiyo nilipohamia huku na kusikia habari za Rutherfordton, moyo ulinienda mbio. Katika mji ule mdogo, Mjerumani Christopher Bechtler, sonara kama baba, alianza mwaka 1831 kuwafulia wachimbaji sarafu kwa dhahabu yao wenyewe. Kiwanda cha serikali kilikuwa Philadelphia, safari ndefu, na njia haikuwa salama kwa mtu mwenye vumbi la dhahabu mfukoni. Sheria ya kumzuia mtu binafsi asifue sarafu ilikuja 1864. Dola ya dhahabu familia ile iliitoa miaka mingi kabla ya serikali ya Marekani, iliyosubiri hadi 1849.

Yangu ni ya dola moja, ina jina la A. Bechtler, mmoja wa familia ile, na maandishi haya: 27 G. 21 C. Haina kichwa cha mtu wala tai. Uzito wa greni 27, yaani karibu gramu 1.75, na dhahabu ya karati 21. Karati 21! Mwanamke gani wa pwani asiyeijua? Mfuaji ameandika ahadi yake juu ya sarafu yenyewe, anakwambia chukua mizani uhakikishe.

Sasa sikilizeni. Nilimwomba yule muuzaji aipime mbele yangu. Alinitazama kuanzia kilemba mpaka viatu, akasema, "Mama, hapa hatuuzi kwa uzito. Hii si dhahabu ya sokoni." Nikatoa kimizani changu mkobani. Akafunika sarafu kwa kiganja, kiganja kitupu, vidole na jasho, akasema nikitaka kupima nilipe kwanza. Kulikuwa na wateja wengine wawili, wakanyamaza kimya. Niliona haya, nikalipa. Karibu mshahara wangu wa mwezi mzima.

Nimelifikiria neno lile mara nyingi. Hatuuzi kwa uzito! Sarafu hizi ziliishi na kufa kwa mizani. Kule Salt Lake City, zile za Wamormoni, kundi la kidini la kule, za 1849 zilipopimwa zikaonekana zina dhahabu pungufu, wafanyabiashara wakawa wanazipokea kwa thamani ya chini. San Francisco, Baldwin & Co., wafuaji wengine binafsi, walianguka 1851 kwa sababu hiyohiyo. Jina la Bechtler lilisimama, na hata serikali ilipoanza kufua sarafu katika kiwanda chake cha Charlotte mwaka 1838, watu waliendelea kuipelekea familia ile dhahabu yao.

Nyumbani nikaipima. Gramu 1.81. Nikarudia mara tatu. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu zaidi ya miaka 150, imelika hadi herufi zimelainika, vipi izidi uzito wake wa kuzaliwa? Nikachukua lenzi ya baba. Ukingoni, juu kidogo ya jina, rangi imepauka, na kuna mikwaruzo midogo ya tupa. Lehemu. Iliwahi kutiwa pete ya kuning'inizia, ikavaliwa shingoni, kisha pete ikang'olewa na kovu likasuguliwa lisionekane.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba sarafu imeharibiwa na msiiguse. Nimefuta. Haijaharibiwa. Baba aliwafanyia kazi kama hiyo kina mama wangapi, pauni za dhahabu zikawa vidani vya harusi? Kuna mwanamke wa Carolina aliyeivaa hii kifuani pake, na nikiishika namwona. Angeniambia tu ukweli yule bwana, ningeinunua vilevile, tena kwa furaha. Kwa bei ya haki lakini, maana wakusanyaji wanajua iliyolehemiwa hailingani na nzima.

Basi, sarafu za Bechtler naziunga mkono kwa moyo wote, tafuteni. Duka lile, msiende. Au mkienda, ingieni na mizani mkononi na msione haya kama nilivyoona mimi. Hapana, msiende kabisa.

Nilirudi wiki zile zile. Akakubali haraka kunirudishia pesa, bila hata kuuliza nimeona nini. Hapo nikajua alikuwa anafahamu. Nikakataa pesa. Nilimwomba jambo moja, aandike kwenye risiti kwamba sarafu ina lehemu ukingoni, ili atakayeirithi kwangu asidanganywe. Risiti ninayo hapa mezani, na mahali pale bado ni patupu.