Kutembea milima ya Alpujarra, Hispania: nililipia nini, nikapata nini

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza la kila mtu. Pauni 940 bila nauli ya ndege, kwa likizo ya kutembea na "kutuliza mwili na akili" huko Alpujarra, kusini mwa Hispania, kwenye miteremko ya Sierra Nevada inayoelekea bahari ya Mediterania. Ndani ya bei hiyo kulikuwa na chumba kijijini Capileira, chai ya asubuhi na chakula cha usiku, mwongozaji wa matembezi, yoga ya alfajiri na masaji. Kampuni siitaji jina. Kwenye kutembea wameiva. Kwenye hayo mengine bado.

Kwa wenzangu wenye pasipoti za Kenya na Tanzania mnaoishi Uingereza kama mimi: kibali chako cha kuishi huku hakikuingizi Hispania. Viza ya Schengen ni lazima, ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari sharti igharamie matibabu ya angalau euro 30,000. Utadaiwa pia uthibitisho wa mahali utakapolala, na hapo ndipo kampuni iliponipandisha presha. Barua niliiomba, nikakumbusha, nikapiga simu, ikaja jioni ya kuamkia miadi, na jina la babu yangu limeandikwa vingine. Iombeni mapema, tena muwatumie picha ya pasipoti wanakili.

Kutoka uwanja wa ndege wa Málaga ni mwendo wa saa mbili na ushei kwa gari. Ukishapita mji wa Órgiva ni kona juu ya kona. Anayetapika garini akae mbele. Capileira iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na chini yake, kwenye ubavu uleule wa bonde la Poqueira, kuna Bubión na Pampaneira. Juu kabisa ni Mulhacén, mlima wa karibu mita 3,480, mrefu kuliko yote ya Hispania bara. Jina lake linatokana na Abul-Hasan Ali, mmoja wa masultani wa mwisho wa Granada.

Mtu wa Lamu akishushwa pale usiku hatapotea. Nyumba ni nyeupe, zimebanana, dari ni za boriti, na kuna vyumba vilivyovuka kichochoro kwa juu, wikio kabisa. Mapaa ni bapa: boriti, kisha mawe mapana, kisha udongo wa kijivu unaoitwa launa, ambao ukilowa hushikana na kuzuia maji kupita. Waliojenga hivi walikuwa Waislamu. Granada ilipotekwa mwaka 1492 hawakuondoka, ila baadaye walilazimishwa kubatizwa. Mwaka 1568 wakaasi, vita vikaenda hadi 1571, wakatawanywa kwa nguvu sehemu nyingine za nchi, na nyumba zao wakapewa walowezi kutoka kaskazini. Inasimuliwa kwamba katika kila kijiji ziliachwa familia mbili, ili ziwafundishe wageni namna ya kuendesha maji.

Na maji ndiyo yaliyonifanya nisijute pauni zangu. Mlima mzima umechorwa mifereji, wenyewe wanaiita acequia, mingine ya tangu enzi hizo za Waislamu. Theluji ikiyeyuka juu, maji huelekezwa kwa makusudi kwenye miteremko yenye mawe yanywee ardhini. Hupita polepole chini kwa chini na kutokea kwenye chemchemi za mabondeni wiki au miezi baadaye, wakati wa kiangazi. Chuo Kikuu cha Granada kimekuwa kikiwakusanya watu wa kujitolea kufukua mifereji iliyokuwa imekufa. Sisi tulikwenda mwezi wa Mei, maji yamejaa, na njia nyingi hufuata mfereji wenyewe, kwa hiyo unatembea penye usawa, kivulini, maji yanakwenda ubavuni kwako.

Juu kidogo ya Bubión tulimkuta mzee na jembe lake. Aliinua bamba la jiwe, akaliegemeza pembeni, akachota matope na majani kwa jembe akaziba mfereji mkuu; maji yakasita, yakajaa, yakageuka kuingia shamba lake la maharage. Akatazama saa ya mkononi. Mwongozaji akatueleza kwamba kila shamba lina zamu yake, na jirani wa chini alikuwa anahesabu dakika vilevile.

Msidanganyike lakini kwamba njia zote ni za mferejini. Kushuka kutoka Capileira hadi mto Poqueira na kupanda ng'ambo ni mawe yanayoteleza, na magoti yangu yalilalamika kwenye kushuka kuliko kupanda. Bebeni fimbo mbili za kutembelea. Njia zina alama: nyekundu na nyeupe ni GR 7, njia ndefu inayoanzia Tarifa, na njano na nyeupe ni za karibu na vijiji.

Chakula sasa. Kwa asiyekula nguruwe, hapa pana kazi. Trevélez, kijiji kilicho karibu mita 1,500, kimepata jina kwa mapaja ya nguruwe yaliyotiwa chumvi na kukaushwa kwa baridi ya mlimani. Unaingia dukani kununua maji, unakuta mapaja yamejaa dari nzima, kila moja limechomekewa kikombe kidogo cha plastiki chini kudakia mafuta. Nilipowaambia sili nyama nililetewa maharage mabichi yenye vipande vya jamón, yaani hayo mapaja yaliyokaushwa, kwa sababu kwao jamón haihesabiwi nyama. Semeni waziwazi "sin cerdo", yaani bila nguruwe, na muulize wanakaangia mafuta gani. Nilichopenda ni viazi vilivyopikwa taratibu kwa mafuta ya zeituni, vitunguu na pilipili hoho, jibini ya mbuzi, tini kavu na lozi. Chakula cha usiku ni saa tatu, wakati mwingine saa nne, na maduka hufungwa kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Mtandio wangu haukumshughulisha mtu. Karibu na Órgiva kuna hata jamii ya Waislamu, wengi wao watu wa tarika.

Kuhusu hiyo "kutuliza akili", nitasema kweli. Yoga ilifanyiwa chumba cha chini, madirisha yamefungwa, spika inapiga sauti za ndege waliorekodiwa, na nje ndege wazima wanaimba bure. Mwalimu alitugawia karatasi ya kujaza "hisia zangu za leo". Nafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, usingizi wangu umevurugika miaka. Kule nililala fofofo, na si kwa sababu ya karatasi. Ni kupanda mlima mchana kutwa, hewa baridi, na simu isiyoshika mtandao bondeni. Masaji ilikuwa nzuri, ila ni dakika ishirini, na ukitaka zaidi unalipa.

Mwenye uzoefu wa kutembea hana haja ya kifurushi. Kutoka Granada kuna mabasi machache kwa siku hadi Capileira, vyumba vipo, ramani zinauzwa. Mei, Juni, Septemba na Oktoba ndiyo miezi. Julai na Agosti jua ni kali. Mgeni wa milima, au mwanamke anayesafiri peke yake mara ya kwanza, mwongozaji ana thamani yake, maana alama nyingine zimefutika. Nimewaandikia kampuni nikauliza kama wanauza matembezi na malazi peke yake, bila yoga. Wanauza, pauni 690, ila kwenye tovuti yao hawakuandika. Ni mpaka uulize.