Uzoefu wangu: msimu mmoja na klabu ya saiklokrosi hapa Leeds, tope hadi masikioni

Nianze na maksi kabisa ili mwenye haraka aende zake, nawapa nyota 4 kati ya 5, na hiyo moja imeliwa na jezi, ntaielezea huko mbele.

Mi ni mama wa Shinyanga, miaka 43, niko Leeds, Uingereza, mwaka wa sita sasa, nalea wazee majumbani kwao na zamu nyingi za usiku. Siku moja Jumapili asubuhi natoka kazini nakatiza kwenye bustani nikakuta watu wazima, wengine wana mvi kabisa, wanapanda kilima mbio na baiskeli begani. Nikajua wamepata pancha wote kwa mpigo. Nikasimama kuwaonea huruma, kumbe ndio mchezo wenyewe, na kuna mama mmoja mwenye tope mpaka kwenye meno akapita ananicheka mi mwenyewe.

Kwa asiyejua, saiklokrosi ni mbio za baiskeli kwenye mzunguko mfupi, kilomita mbili tatu hivi, nyasi, msitu, tope, mara ngazi, mara mchanga, na kuna mbao wanaziweka kwa makusudi zinafika magotini, hapo unashuka unabeba baiskeli unaruka unapanda tena bila kusimama. Msimu wake ni kuanzia Septemba mpaka baridi imekolea, yani pale ambapo mtu mwenye akili anakaa ndani. Hawahesabu umbali wanahesabu muda, kundi langu la miaka 40 kwenda juu tunapewa dakika 40 na ushee, na kiongozi akimaliza basi na wewe unamalizia mzunguko uliopo, hata kama kashakuzidi mizunguko miwili. Hapo ndipo iliponishika. Mbio za barabarani ukiachwa umeachwa, unapedali peke yako unatafuta njia ya nyumbani, ila huku hakuna anayejua kama wewe ni wa kwanza au wa 60, kila saa kuna mtu mbele yako na mtu nyuma yako, na watu kwenye utepe wa pembeni ya njia wanapiga kengele za ng'ombe (kengele za ng'ombe kweli, nilicheka sana, msukuma nimetoka kwenye ng'ombe nikaja kuzisikia Uingereza) wanamshangilia wa mwisho kama wa kwanza.

Sasa klabu. Jina siliweki, ni hizi klabu ndogo za mtaani ziko nyingi Yorkshire, wanachama kama mia hivi, nililipa pauni 25 kwa mwaka. Nilimwandikia katibu nikamwambia sina baiskeli ya mbio, sina gari, na nimeendesha Phoenix ya babangu tu nikiwa binti nabeba madumu ya maji kwenye karia. Akajibu siku hiyohiyo, njoo Jumanne jioni, tutakuazima. Nikaenda. Wakanipa baiskeli ya milimani ya zamani, wakaitoa zile pembe za mwisho wa usukani maana haziruhusiwi kwenye mbio, wakasema hii inatosha kuanzia, ligi ya mkoa hawakuzuii. Ni kweli, lile sharti la upana wa tairi kutozidi milimita 33 ni la mashindano makubwa ya UCI, chama cha baiskeli cha dunia, sisi wa huku chini hakuna aliyekuja na rula.

Mazoezi ya Jumanne yenyewe, niseme ukweli, sio mazuri kivile. Kocha anaongea haraka na kwa lafudhi ya huku, nusu ya maneno yanabaki kwake, na baada ya dakika kumi wenye kasi wanaondoka na taa zao mnabaki wanne gizani mnaulizana njia. Wakatangaza kutakuwa na kipindi cha wanawake peke yetu mara moja kwa mwezi, kikafanyika mara mbili kikafa, hakuna aliyesema kwanini. Kushuka na kupanda sikufundishwa na kocha, nilifundishwa na mzee mmoja wa miaka sabini na kitu ambaye hata hashindani tena, anakuja na flaski yake. Mi namwita Mzee wa Upepo, ntakwambia kwanini.

Ni hivi, mbio yangu ya kwanza nilijaza tairi mpaka zikawa jiwe, si ndio tulivyozoea, tairi laini ni uvivu. Mzunguko wa kwanza nadunda kwenye mizizi kama debe tupu kwenye lori, kwenye kona ya nyasi tairi la mbele likaondoka nikalala. Mzunguko wa pili kona ileile nikalala tena palepale. Mbio ilivyoisha mzee akaja akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akatikisa kichwa, akafungua upepo psssss mpaka nikaona anaiharibu. Kutoka 50 kwenye geji mpaka 24. Akasema, mama, tairi linatakiwa kuushika udongo sio kuupiga. Wiki iliyofuata kona kama ile nilipita nimeketi. Uzito wangu kilo 74, mwepesi zaidi yangu anashusha zaidi, ila angalia usije ukagonga rimu kwenye mzizi.

Na kushuka nako kuna siri yake. Unashukia kushoto kila mara kwa sababu cheni iko kulia, ukishukia kulia meno ya cheni yanakuchana mguu na mafuta yanakupaka, mguu wa kulia unazungushwa nyuma juu ya siti unapitishwa kati ya baiskeli na mguu wa kushoto, halafu unatua ukiwa tayari unakimbia. Nilivyofanya mara ya kwanza nilikumbatia baiskeli kama mgonjwa. Alinirudisha kwenye zile mbao mara ishirini na zaidi, huku anakunywa chai.

Huyu mzee ndiye aliyenipa pia habari za Beryl Burton, nilikuwa simjui. Mwanamke wa hapahapa Leeds, klabu yake Morley, alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la rubabu (rhubarb, mmea wa mashina machachu ya kupika), kazi ya jembe na kubeba, na mwaka 1967 kwenye mbio ya saa 12 alikwenda maili 277.25, ni kama kilomita 446, akavunja rekodi ya wanaume. Sio ya wanawake, ya wanaume! Na wakati anampita yule mwanaume aliyekuwa anaongoza akampa pipi. Jamani. Nikimaliza zamu usiku miguu imevimba nawaza yule mama na jembe lake nafunga kamba za viatu.

Mzee anasema pia mwaka 1992 mashindano ya dunia ya saiklokrosi yalifanyikia hapa, Roundhay Park, akashinda mjerumani Mike Kluge, na yeye mzee alikuwepo ameshika utepe. Tom Pidcock naye aliyekuwa bingwa wa dunia 2022 kazaliwa Leeds. Kwa hiyo ukidhani hizi ni mbio za wazee wa bustanini, ndio, ila ni wazee wanaojua wanachokitazama.

Upande wa hela, hapa msikilize vizuri maana klabu haikuambii. Mbio moja nilikuwa nalipa kama pauni 20, na usipokuwa na leseni ya mwaka ya British Cycling, chama cha baiskeli cha huku, unaongeza ya siku. Breki za diski tope la mchanga linazila, pedi mpya zilikwisha mbio mbili. Ukiosha kwa ile mashine ya presha usielekeze maji kwenye habu, yanafukuza grisi, mi niliua beringi za nyuma nikajua baadae. Na kila mtu klabuni atakwambia nunua kwa mpango wa saikol-tu-waki (Cycle to Work, baiskeli ya kwendea kazini kupitia mwajiri) unakatwa kwenye mshahara kabla ya kodi, unaokoa. Wanakwambia kwa roho safi kabisa. Ila sisi wa kazi za kulea wazee mshahara uko palepale kwenye kima cha chini, na sheria hairuhusu makato yale yakushushe chini ya kima hicho, kwa hiyo mwajiri anakukatalia na hana kosa. Nilivyowaeleza pale kwenye chai walinyamaza, hawakuwahi kuliwaza. Baada ya wiki mbili mwanachama mmoja akaniuzia ya kwake iliyotumika, pauni 380, akakubali nilipe kwa miezi minne. Ushauri wangu basi, baiskeli nunua mwisho, azima kwanza msimu mzima ikibidi.

Kinachofanya nisiondoke ni lifti. Mbio ziko mashambani huko, basi hazibebi baiskeli, treni za Jumapili unazijua mwenyewe. Kila Ijumaa mtu anaandika kwenye grupu nina nafasi mbili na rafu ya baiskeli tatu, nani anakuja. Mi sijawahi kukosa usafiri hata Jumapili moja, na sijawahi kuombwa hela ya mafuta, natoa mandazi. (Mandazi yana heshima yake sasa, nisipoleta naulizwa.) Yani ile 25 ukiihesabu kwa lifti tu imerudi mwezi wa kwanza.

Na kingine ni piti, ile sehemu pembeni ya njia ambapo unaruhusiwa kubadilisha baiskeli katikati ya mbio. Kwenye mbio moja ya Desemba lilikuwa tope lile la kunata, lililochanganyika na nyasi, ndugu zangu wa Shinyanga mnalijua hili, ni tope la mbuga kabisa, lile la masika linalojaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma unatafuta kijiti unakwangua. Nikashuka nikaanza kukwangua kwa vidole kama nyumbani, nimeinama, watu wananipita. Mara nasikia Mzee wa Upepo anapiga kelele kutoka piti, acha hiyo, lete hapa! Akanipa baiskeli yake mwenyewe, siti iko juu nusu nichanike, nikaendesha mzunguko mzima kama kuku juu ya antena, na niliporudi yangu imeshaoshwa, cheni ina mafuta, imegeuzwa inaangalia njia. Nilimaliza wa 31 kati ya wanawake 34. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tangu nije nchi hii.

Sasa jezi. Tuliagiza Septemba, pauni 48 zikalipwa siku hiyohiyo, wakasema wiki sita. Novemba kimya. Krismasi kimya. Nimeshindana msimu mzima na fulana ya kuazima inayonifika magotini, nikiuliza naambiwa subiri kiwanda, anayeshughulika na jezi hajibu simu. Imefika Februari, mbio zimeisha, na ni saizi ya mtoto wa shule, eti chati ya vipimo ilibadilishwa. Kubadilishiwa hakuna, kurudishiwa hela hakuna, "tutakukumbuka oda ijayo". Sio uungwana huo. Nyota yao moja imelala hapo.

Nikampa jamaa aliyekuwa anaenda nyumbani ampelekee mdogo wangu wa kiume, anaendesha daladala ya baiskeli, ile ya kubeba abiria, pale stendi Shinyanga. Imemkaa kama kashonewa. Alinipigia kuuliza ile mifuko mitatu ya mgongoni ni ya nini, nikamwambia ni ya chakula cha njiani. Akasema aah, yeye kaweka chenji mmoja, simu mmoja, na wa katikati viraka na solusheni.