Vipimo vya wachumba hapa Tanga mjini, nilivyoiona huduma yao (hasa upande wa kaswende)

Zahanati yenyewe ni ya binafsi, iko huku Ngamiani kwenye barabara za namba, jina silitaji mana kuna mahali nitawasema na sitaki ugomvi na watu wa mtaani kwangu. Wana huduma wanaita vipimo vya wachumba, mnaingia wawili mnapimwa VVU, homa ya ini, kaswende, kundi la damu, na sikoseli kwa wanaotaka. Bei ya kawaida tu, haiumizi. Shangazi yangu alichotaka yeye ni karatasi ya ngoma ili mambo ya posa yaendelee, hayo mengine kwake mbwembwe. Sasa ngoma tukawa salama wote wawili, kaswende ndo ikatoka kwa mwenzangu. (Mama kama unasoma hapa naomba uishie hapa hapa.)

Nianze na kero. Mapokezi! Yule dada wa dirishani ana sauti ya kunadia samaki pale Deep Sea, na majibu anaita kwa ugonjwa badala ya namba, eti "wale wa kaswende rudini kwa dokta", benchi zima likatugeukia na kuna mama mmoja akasogeza mkoba wake, sijui alidhani tutauambukiza. Kaswende haishiki kwa kukaa benchi moja wala choo wala kikombe, inapita kwa kugusana na kidonda cha mtu anayeumwa wakati wa kujamiiana, iwe mbele, nyuma au mdomoni, na mama mjamzito kwenda kwa mtoto, na mara chache kwa kuongezewa damu. Basi. Lakini huyo mama wa mkoba simlaumu sana, namlaumu wa dirishani, hiyo ni siri ya mgonjwa na wao wana chumba kabisa.

Ndani kwa dokta ndo wanapojua kazi. Mtu mzima, tukampa shikamoo yake akafunga mlango, hakumuuliza mwenzangu ametembea na nani, aliuliza tu hujawahi kutoka kidonda sehemu za siri kisichouma kikapona chenyewe? Jamaa akasema ndio, kilishatoka, akaenda duka la dawa akauziwa vidonge vya rangi mbili na tyubu ya kupaka akaambiwa fangasi, kikakauka, maisha yakaendelea. Dokta akacheka kidogo akasema hapo ndo wengi wananaswa. Kile kidonda kinatokea kati ya siku 10 mpaka 90 baada ya kuambukizwa, mara nyingi kwenye wiki ya tatu hivi, alafu kinapona chenyewe ndani ya wiki 3 mpaka 6 hata ukipaka mafuta ya nazi, kwahiyo chochote ulichonunua wiki hiyo kinapata sifa ya bure na mdudu yuko palepale kwenye damu anaendelea na yake. Kwa mwanamke ndo balaa zaidi mana kidonda kinaweza kukaa ndani kabisa na hakiumi, utakijuaje?

Baadae vinakuja vipele mwilini, mpaka viganjani na nyayoni, na mara nyingi haviwashi, homa, matezi, wengine nywele zinanyonyoka mabaka mabaka. Navyo vinaondoka! Alafu kimya, miaka na miaka, mtu anadunda tu mtaani, na kwa baadhi ya watu ikirudi inakuja kwenye moyo, ubongo, macho. Na mjamzito asipotibiwa mimba inaweza kutoka au mtoto akafia tumboni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 watu wazima milioni 8 waliipata, alafu sisi huku kila kitu tunaita UTI sugu, spika zinapita mtaani na dawa moja inatibu UTI, PID (maambukizi ya kizazi), fangasi na bawasiri kwa pamoja. Mnanunua za nini lakini?

Maabara sasa, hapa niliwakata alama tena. Karatasi ya kwanza ilikuja imeandikwa pozitivu, nukta. Dokta mwenyewe akairudisha. Kumbe kile kipimo cha haraka cha tone la damu kidoleni kinaonyesha tu kama umewahi kukutana na kaswende, na kinaweza kubaki pozitivu maisha yako yote hata ukishapona, kwahiyo wanatakiwa waongeze kingine kinaitwa RPR chenye namba. Ya mwenzangu ikasoma 1:16. Akisharudi kupima baada ya miezi kadhaa inatakiwa ishuke mara nne, yani 1:4 au chini ya hapo, ndo unajua dawa imefanya kazi. Bila ile namba ya mwanzo utalinganisha na nini? Wadai namba.

Mimi nilitoka salama lakini wakanichoma pia, nikauliza kwanini, dokta akasema mwili unachukua wiki kadhaa kabla kipimo hakijaona kitu na sisi ni, eeh, tuko karibu. Sindano ni ya penisilini, benzathini, yuniti milioni 2.4 takoni. Inauma nyie! Dawa nzito, unatembea unachechemea kama mpaka kesho yake. Mimi moja ikatosha, yeye kwasababu hakumbuki kidonda kilitoka lini wakampa tatu, moja kila wiki. Nesi aliuliza kwanza kama penisilini inatudhuru na akatukalisha pale nusu saa kuangalia, hapo nawapa maua yao. Na walituambia mapema kwamba usiku anaweza kupata homa na kutetemeka, sio mzio, ni wadudu wanakufa kwa wingi na inaisha ndani ya siku moja, na kweli jamaa alitetemeka usiku ule akanywa panadol asubuhi yuko sawa. Bila kuambiwa tungekimbilia hospitali ya Bombo usiku wa manane.

Kingine walichosema ni kuacha kukutana kimwili mpaka matibabu yaishe na vidonda kama vipo vipone, na kwamba kupona hakukupi kinga, ukikutana nayo tena unaipata tena.

Nyota nne kwa tano, hiyo moja ibaki kwa dada wa dirishani mpaka apunguze sauti. Mkienda nendeni asubuhi siku za kazi, mchana fundi wa maabara anakuwa mmoja na foleni inafika barabarani. Na ile kadi ya matibabu msitupe, mkija kuanza kliniki ya ujauzito hudhurio la kwanza wanapima kaswende pamoja na VVU, kipimo cha kidole kwa yule aliyeugua kinaweza kusoma pozitivu tena, kadi ndo itawaeleza manesi kwamba mlishatibiwa.