Folda ya Jimmy Cliff kwenye kibanda cha nyimbo, Mwanga Kigoma

Kibanda cha kurusha nyimbo kilicho jirani na soko la Mwanga, kile chenye sabufa mbili mlangoni, kinatoza shilingi 100 kwa wimbo au 2,000 kwa folda nzima ya msanii. Kwa bongofleva hakuna la kulalamikia. Kwa Jimmy Cliff, mwimbaji wa reggae wa Jamaica, kagua kwanza ndipo utoe flashi mfukoni.

Kosa kubwa liko kwenye albamu ya filamu ya The Harder They Come, ya 1972. Nyimbo zote 12 zimeandikwa jina lake. Anazoimba yeye ni 6, na 2 kati ya hizo ni marudio, kwa hiyo unabaki na nyimbo zake 4. Pressure Drop na Sweet and Dandy ni za The Maytals, Rivers of Babylon ni ya The Melodians. Wote ni magwiji, lakini aliyelipia Cliff apewe Cliff. I Can See Clearly Now nayo imewekwa mara mbili kwa jina lake: moja ni ya Johnny Nash, ya 1972, ya Cliff ilitoka 1993 kwa filamu ya Cool Runnings.

Halafu kuna pengo linalouma. Ukiacha albamu hiyo ya filamu, folda inaruka kutoka Many Rivers to Cross (1969) hadi Reggae Night (1983). Another Cycle ya 1971, aliyoirekodi Muscle Shoals kule Alabama, walikorekodi waimbaji wakubwa wa soul, haimo. Bila hiyo msikilizaji hapati upande wa soul wa mtu huyu. Rebirth ya 2012, iliyompa Grammy, haimo pia. Hakuna Matata, wimbo wa katuni ya The Lion King, aliyoimba na Lebo M wa Afrika Kusini mwaka 1995 ipo, ila imefichwa kwenye folda ya katuni! Iulizie kwa jina.

Ubora upime kwa Many Rivers to Cross, wimbo wa dakika 3 hivi. Faili la 128 kbps (kipimo cha ubora wa sauti, kikubwa ndicho bora) lina MB 3, la 320 lina MB 7. Yote yapo na bei ni moja, kwa hiyo dai la 320. Kwenye la 128, kinanda cha mwanzo kinasikika kama kimefunikwa blanketi, na Cliff akipandisha sauti inakwaruza. Angalizo: mafaili mengine yamekuzwa kutoka 128. Uzito unaongezeka, sauti iliyopotea hairudi. Omba yapigwe yote mawili kwenye sabufa ileile. Usiposikia tofauti, kataa.

Flashi iwe imeformatiwa kwa FAT32, mpangilio wa mafaili ambao sabufa nyingi huusoma. Za GB 64 kwenda juu kwa kawaida huja na mpangilio wa exFAT, na huo sabufa nyingi haziusomi. Sabufa za bei nafuu pia hupiga nyimbo kwa mfuatano zilivyoingizwa, hazijali majina, hivyo ukitaka kumsikia Cliff akikua mwaka hadi mwaka, zirushwe moja moja kwa miaka. Fundi anakubali kufanya hivyo ukienda asubuhi. Jioni kuna foleni ya wanaowahi boti za Kibirizi, na hapo ndipo flashi huchomolewa kabla kompyuta haijaruhusu. Wimbo wa mwisho hukatikia katikati. Usiondoke kabla hujausikiliza huo wa mwisho hadi mwisho.